Mtoto wa Kuombwa kwa Tumbaku

Mwalimu Carol alishuka kwa lori ya mahindi hapa Kakuma mwanzo wa 2012 na viatu ya kisigino. Mimi nilikuwa hapo na birika yangu. Naona kisigino inazama kwa mchanga, anachomoa, inazama tena, na begi inamvuta upande. Nikasema kwa roho, huyu hamalizi mwezi. Watu wa Lodwar wakikuja huku wanafikiri Kakuma ni Lodwar tu, imeongezwa wakimbizi.

"Ejok, mama," akanisalimia. "Shule ya msingi ni wapi?"

"Vua hiyo viatu kwanza, ndio nikuonyeshe."

Akavua. Hapo ndipo nikaanza kumpenda kidogo. Kidogo tu, na baadaye hata hiyo kidogo ikanitesa.

Mimi nauza chai nje ya ua ya miiba ya hiyo shule. Walimu wanakuja saa ya mapumziko, wanakalia mitungi yangu ya maji, wanalia. Mwalimu ni mtu wa kulia. Wananiita Ata, yaani nyanya, hata wenye wana mvi kunishinda. Shule mimi nilikaa mpaka nikajua kuandika jina langu, halafu baba akasema mbuzi wanapotea, nikatoka. Lakini masikio haihitaji darasa. Kila kitu ya hiyo shule inapita kwa birika yangu kwanza.

Huyo Carol ni Mturkana, usifikiri. Lakini baba yake alikuwa dereva wa misheni, na yeye akalelewa bweni ya masista huko Lodwar. Mbuzi alikuwa anajua kwa sahani. Hajawahi kukamua, hajawahi kulala mahali mifugo inalala. Kiturkana chake kilikuwa safi kama ya padri. Akisema, watoto wanacheka.

Hedimasta alikuwa Lokeno, mtu wa Lorugum, anavaa tai kwa hii joto. Mkutano ya walimu kwa Lokeno ni yeye kusema na wengine kukohoa. Sasa Carol, mgeni, wiki ya kwanza, akainua mkono. Akauliza kwa nini watoto wa wafugaji hawako kwa shule na boma zao zinaonekana kutoka dirishani. Akauliza tena kwa nini darasa ya kwanza inapewa mwalimu mwenye amechoka.

Lokeno akacheka. "Swali nzuri sana, madam. Hiyo darasa ya kwanza chukua wewe."

Wenzake wakamkuta kwa chai wanamwonea huruma, kama mtu amefiwa. Kwa hiyo shule darasa ya kwanza ilikuwa jela. Walimu wazuri wote walikuwa wanasukumwa darasa ya nane, juu huko ndiko alama ya mtihani inatoka, na alama ndiyo inaandikwa ukutani kwa ofisi. Wadogo walikuwa wanakaa chini kwa vumbi wanaimba Kizungu chenye hawaelewi. "Good morning visitor!" Mgeni mwenyewe hakuna. Ni punda wangu amesimama mlangoni.

Ereng, naibu wa hedimasta, mtu wa tumbo na simu mbili, akamwambia, "Carol, dada yangu, hapa ukitaka amani, unanyamaza. Mimi nimenyamaza tangu nikuje, na unaona nimenenepa."

"Umenenepa kwa chapati zangu," nikamwambia. "Usisingizie kunyamaza."

Alikuwa pia anakuja Mading, Mdinka wa kambini, kijana mrefu mpaka anainama hata nje. Anafundisha shule ya wakimbizi bila cheti ya ualimu, na darasa yake imejaa mpaka watoto wanakaa dirishani. Akasema, "Sisi kule hatuna kitu. Lakini hedimasta yetu, nikizidiwa, anaingia, anachukua nusu ya watoto, anaenda nao chini ya hema. Hajui hesabu vizuri, lakini anaingia."

"Lokeno akiingia kwa darasa yako," Ereng akamwambia, "jua anatafuta fimbo yenye alisahau."

Carol hakucheka. Alikuwa anaangalia zile boma.

Siku nyingine akabaki nyuma, wenzake wameenda. Akaniuliza, "Ata, hawa watu naweza kuwaambia nini ndio wanipatie watoto? Chifu ameenda mara ngapi, wanaficha."

"Chifu anaamuru," nikamwambia. "Mtoto haamuriwi. Enda uombe."

Nikamfundisha. Kwetu kuomba si aibu, aibu ni kukaa na njaa na jirani ana mbuzi. Mtu anaenda kwa mwenzake jioni, mifugo ikirudi. Anakaa chini, si kwa kiti. Anatoa tumbaku. Anangoja. Halafu anasema, nipe. Mwenye mali anaweza kukataa leo, kesho, mpaka achoke na wewe. Lakini akikupatia, nyinyi ni watu. Mbuzi yake akikaa kwako, ni kama yeye ameweka mguu kwako. Nikamwambia na ile ingine, nikamshika mkono ndio asikie vizuri: kitu umeomba ukapewa, unaweza kula, unaweza kuuza, inaweza kukufia. Lakini hurudishi. Ukirudisha umemtemea mate. Hapo imeisha, mpaka kwa watoto ya watoto.

Akasema, "Nimesikia, Ata."

Tukaenda pamoja kwa Ejore, mtoto wa kaka yangu, mwenye boma kubwa upande ya mto Tarach. Carol alikuwa amenunua tumbaku kipande nzuri, imesukwa kama kamba, na sukari ya mama wa boma. Akakaa chini na sketi yake ya ofisi. Mbuzi wakampitia juu ya miguu, akatulia. Ejore akatafuna ile tumbaku pole pole, anamwangalia kama ng'ombe ya mnada.

"Unataka nini, mwalimu? Mbuzi?"

"Mtoto."

Boma yote ikacheka. Ejore akaita kijana wake mmoja, mwenye kila siku anapoteza kondoo, akasema, "Chukua huyu. Kwa mifugo hana kazi." Sisi ndivyo tunafanya. Mwerevu anabaki na mali, mjinga anaenda shule. Halafu tunashangaa shule inatoa wajinga.

Carol akakataa! Mimi mwenyewe nikashtuka. Akaonyesha msichana amesimama kwa mlango ya zizi, anahesabu mbuzi wakiingia, anawaita kila mmoja kwa rangi yake, mweusi wa tumbo nyeupe, mwekundu wa pembe moja, hakuna mwenye anampita.

"Naomba huyo."

Nakeno, binti ya Ejore, jicho yake. Kicheko ikakatika.

"Huyo ndiye mchungaji wangu," Ejore akasema.

"Ndio maana namwomba."

Akakataa. Carol akarudi jioni ingine, akakataliwa. Akarudi tena. Ngozi ikamchubuka na jua, kisigino alisahau kabisa. Siku moja Ejore akasimama, akamwita Nakeno, akatafuna tumbaku, akamtemea baraka kwa kifua na kwa paji ya uso, akamsukuma kwa Carol. "Chukua. Usiniangushe."

Na Ejore akitoa, wengine wanatoa. Boma kwa boma, Carol akakaa chini, akatoa tumbaku, akaomba, na hakuchukua wale wa kutupwa. Watoto wakakuja mjini wakakaa kwa watu wao. Nakeno akakaa kwangu. Alikuwa mkubwa, matiti imeanza kutoka, na anaingia darasa ya kwanza na watoto wenye meno ya utoto imeng'oka. Wa mji wakamcheka kwa shanga zake na harufu ya ngozi. Akapiga mmoja tu. Wakaacha.

Sasa, kufundisha. Mimi nilikuwa naona kwa ua. Carol alitoa darasa yake nje, kwa mchanga nyuma ya vyoo, kwa sababu ndani mabati inachoma. Akaanza na Kiturkana chetu, si Kizungu. Akawaambia wamletee majina ya mbuzi za nyumbani. Wakasema. Akaandika kwa mchanga na kidole, kila mtu mbuzi wake. Watoto wakainama wanaangalia jina ya mbuzi wao imelala chini! Wakafuta, wakaandika wenyewe. Hesabu wakafanya kwa zizi ya mawe: wameingia wangapi, fisi amekula wangapi. Kizungu ilikuja baadaye, ikipanda juu ya ile wanajua. Walimu walipogoma mwezi wa tisa, shule imefungwa, Carol hakuingia darasa, hakusaliti wenzake. Lakini alikuwa anakuja kwangu kunywa chai, na kama watoto wanamfuata mpaka kwa mchanga wangu, hiyo ni kosa ya nani? Nakeno alifika mwisho ya mwaka anasoma gazeti yenye nafungia mandazi. Anasoma na kidole, mdomo unatembea. Mimi namwambia, "Soma pole pole, mandazi inaisha."

Lokeno alichukia hiyo mchanga. "Hii ni shule, si zizi," anasema. "Kizungu! Kizungu! Mtihani hauna mbuzi." Na Ereng anakohoa.

Halafu kura ikapita, 2013, kaunti ikaingia, kila mtu mwenye tai akaanza kuota ofisi ya Lodwar. Habari ikakuja: mainspekta wanakuja kuangalia shule gani iko na ubora. Lokeno akawa kama mtu ana upele. Akapaka mawe chokaa. Akafunga choo yenye ilibomoka, akaandika "STOO". Walimu wakaambiwa kila mmoja aimbishe darasa yake jibu za maswali. Akamwita Carol kwa ofisi.

Carol akatoka huko akakuja moja kwa moja kwangu. Hakukaa kwa mtungi, alikaa chini.

"Anataka niwarudishe nyumbani wale wa boma," akasema. "Mpaka wageni waende. Ati ni wakubwa, hawana yunifomu, wataangusha shule. Nikikataa ananiandikia uhamisho, niende Kibish, mpakani huko mbali."

"Enda Kibish."

"Na nikienda, nani atawafundisha? Atampatia nani hiyo darasa? Ata, ni siku mbili. Siku mbili tu, halafu nawaita, naendelea."

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema kuhusu mbuzi."

"Uliwaomba namna gani?"

Akachora mchanga na kidole. Halafu akasema ile neno yenye sijawahi kumsamehe mpaka leo. "Lakini Ata, watoto si mbuzi. Wazazi wataelewa. Nitawaeleza."

Masista wa Lodwar walimfundisha vizuri. Mtoto si mbuzi, ni kweli. Mtoto ni zaidi ya mbuzi. Na kama kurudisha mbuzi ni mate, kurudisha mtoto ni nini? Nikamwambia, "Wafiche kwangu basi. Wakae kwa nyumba yangu, wakae kwa kanisa, wakae hata kambini kwa Mading. Usiwarudishe kwa boma." Akasema Lokeno amemtuma Ereng asimamie, ahakikishe wametoka mji. Aliogopa. Ndiyo hiyo tu. Mtu mwenye alivumilia Ejore jioni zote hizo akaogopa tai.

Asubuhi wakasimamishwa kwa uwanja. Ereng ndiye alisema, Carol amesimama kando. "Endeni nyumbani. Shule itawaita." Nakeno akaangalia Carol.

"Mwalimu, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Utarudi."

"Mtu hajakosa anafukuzwa?"

Carol akamshika bega. Nakeno akatoa ile mkono, si kwa nguvu, alitoa tu. Akapita kwangu, akachukua ngozi yake ya kulalia, hakusema kwaheri. Wakaenda mstari mmoja, vile mifugo inaenda, na yeye nyuma ndio asipotee mtu.

Mainspekta wakakuja na gari mbili. Hii nilipewa na Ereng mwenyewe, kwa chai. Waliona chokaa. Walisikia "good morning visitors", na mara hii wageni walikuwako. Wakafika darasa ya kwanza: watoto wachache, wasafi, kila mtu na deski. Kulikuwa na inspekta mmoja mama, mweusi tititi, mtu wa huko Nariokotome. Akamgeukia Carol.

"Ni wewe mwalimu mwenye anaomba watoto kwa boma?"

"Ni mimi."

"Nimesikia mpaka Lodwar. Hao ndio nimekuja kuona. Wako wapi?"

Ereng anasema hapo hewa iliisha. Carol akafungua mdomo. Lokeno akamtangulia, anatabasamu. "Wafugaji hawa, madam, unawajua. Wamehama na mifugo."

Yule mama akaangalia Carol, akangoja. Alingoja, Ereng anasema, mpaka ikawa aibu. Carol akaangalia chini.

"Na wewe Ereng ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Mimi nilikohoa, Ata."

Nikamnyang'anya kikombe, chai iko nusu. "Enda ukohoe kwenu."

Wakala mbuzi, wakaenda. Shule ikasifiwa, uongozi nzuri, nidhamu, usafi. Kabla vumbi ya gari itulie, Ejore akatokea kwa ua yangu. Hakukuja na fimbo, hakukuja na kelele. Akachuchumaa. Akatoa kwa shuka yake tumbaku, kipande imesukwa kama kamba, sawa kabisa na ile. Na sukari kwa karatasi. Akaweka mbele yangu.

"Mrudishie mwenyewe," akasema.

"Ejore, mtoto wangu, ilikuwa siku mbili tu. Ni hedimasta—"

"Mimi sikuombwa na hedimasta."

Nyuma yake wakakuja wengine, mmoja mmoja, mpaka jioni. Kila mtu na tumbaku yake. Rundo ikawa hapo kando ya birika, watu wa mji wanapita wanauliza nauza bei gani.

Carol akaona hiyo rundo. Alisimama hapo na chaki kwa vidole. Sasa ndio alielewa, wakati kuelewa haina kazi.

Kesho yake boma ya Ejore ilikuwa majivu na mavi ya mbuzi. Wamehama. Lokeno alisema uongo, na uongo wake ikatoka kweli.

Tuliwatafuta miezi mingi. Boda boda mpaka njia iishe, halafu miguu, upande ya Oropoi, milima ya Uganda iko mbele. Carol amebeba tumbaku mpya. Mimi nilienda kwa sababu Nakeno alikuwa wangu pia, si kwa sababu ya Carol. Tukawakuta mifugo ikirudi. Carol akakaa chini, akatoa tumbaku, akaweka. Ejore hakugusa. Mama wa boma akatupatia maziwa, kwa sababu sisi si wanyama. Tukanywa.

"Nimekosa," Carol akasema. Kiturkana chake kilikuwa chetu sasa, si ya padri. "Nilidanganywa na woga. Nipe tena."

Ejore akaangalia zizi. Nakeno alikuwa hapo mlangoni, amekua, shanga mpya shingoni, nyingi. Nikaelewa hizo shanga, kuna mtu ameanza kuulizia ndoa. Mbuzi wanaingia. Alikuwa anahesabu kwa sauti, si kwa rangi sasa, kwa namba, vile alifundishwa kwa mchanga, na akifika mwisho akachukua kijiti, akaandika hesabu chini kwa mlango, halafu akafunga na miiba.

"Unaona," Ejore akasema. "Umemfundisha. Kwa mbuzi inatosha. Asante."

"Ejore, huyu mtoto anaweza kuwa—"

"Usiniambie anaweza kuwa nani. Alikuwa wako. Ungemla, ungemuuza, angekufa kwako, ningelia na wewe. Ulimrudisha."

Carol akaita, "Nakeno!" Msichana akageuka. Hakuwa na hasira, hiyo ndiyo mbaya. Alimwangalia vile unaangalia mtu wa gari imeharibika barabarani, unamwonea huruma na unaenda zako.

"Mwalimu," akasema, "huko nyuma mtapata giza. Endeni mapema."

Tukarudi. Njiani Carol alilia mpaka pikipiki ikawa inayumba, yule kijana wa boda akasimama akasema, "Mathe, huyu aache, tutaanguka." Mimi sikumshika mkono. Watu wananiambia nina roho ngumu. Ndio, ninayo.

Lokeno alipata ofisi yake Lodwar. Ereng akawa hedimasta, anakohoa akiwa amekaa. Carol hakuhamishwa, ile Kibish yenye aliogopa haikukuja kamwe. Alienda boma zingine, upande ya Lokichoggio, upande huu, akakaa chini, akatoa tumbaku. Wanampatia chai. Wanampatia maziwa. Wanamuuliza habari ya Lodwar. Watoto wako pale wanacheza, na hakuna mtu anasema chukua. Habari imetembea kumshinda.

Sasa anafundisha wa mji. Mchanga nyuma ya vyoo umefunikwa na mifuko ya plastiki. Juzi nilisikia sauti kwa darasa ya kwanza, fimbo inapiga deski, "Say it again! Again!" Nikafikiri ni mwalimu mpya. Nikachungulia kwa ua. Alikuwa yeye.

Akakuja mapumziko, akakalia mtungi. Ile tumbaku yote iliyorudishwa iko kwangu, nimefunga kwa gunia, hataki kuichukua na mimi sitaitafuna. Aliangalia hilo gunia muda. Wingu kidogo ilikuwa upande ya Uganda.

"Ata," akasema, "mvua ikinyesha, majani ikiota huku, watarudi karibu. Unafikiri Ejore anaweza..."

Nikammiminia chai kwa kikombe mpaka juu.

"Hapana," nikamwambia. "Kunywa, kengele inalia."